Usuluhishi wa ustawi wa jamii baada ya talaka: huduma ni bure, ila usiishie kwenye muhuri wao

Hukumu ya talaka ilitoka mtoto akiwa anajifunza kutembea. Mahakama ikaandika mama akae na mtoto, baba atoe laki moja kwa mwezi na amuone mwishoni mwa wiki. Leo mtoto yuko darasa la tano, laki moja haifiki tarehe 15, baba amehamishiwa Dodoma, na kila mmoja ana lake moyoni. Mlango ambao wengi huelekezwa hapo, na mwenyekiti wa mtaa au na karani wa mahakama, ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Tathmini hii ni ya huduma hiyo, kwa Tanzania Bara.

Kwa kuwakalisha wazazi wawili wasiosalimiana na kuwatoa na namba wanayokubaliana, hakuna huduma ya bei hiyo inayoikaribia. Kwa kuyapa makubaliano hayo nguvu, ni dhaifu, na udhaifu huo hautokani na uvivu wa afisa. Afisa ustawi hana mamlaka ya kufuta wala kubadili amri ya mahakama. Mkikubaliana kwake kutoka laki moja kwenda laki moja na nusu na mkagonga muhuri, amri inayosimama mbele ya hakimu bado ni ile ya laki moja. Ukielewa jambo hilo moja kabla ya kupanda ngazi za ofisi, huduma hii itakufaa sana. Usipolielewa utakuja kuligundua siku ya kukazia hukumu, yaani kuiomba mahakama imlazimishe mwenzako kuitekeleza.

Kwanza, je, inabadilika kweli?

Inabadilika. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 133, inairuhusu mahakama wakati wowote kubadili au kufuta amri ya ulezi au matunzo ya mtoto, ikiridhika kwamba amri ilijengwa juu ya maelezo ya uongo au kosa la ukweli, au kwamba hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Kifungu cha 134 kinagusa makubaliano ambayo wazazi waliandikishana wenyewe: mahakama inaweza kuyabadili hata kama ndani yake mliandika kwamba hayatabadilishwa milele, ilimradi mabadiliko ni ya busara na yana manufaa kwa mtoto. Kwa hiyo ile sentensi inayopendwa na waandishi wa mikataba ya mtaani, “makubaliano haya ni ya mwisho na hayatahojiwa na yeyote”, haina kazi kwa mambo ya mtoto.

Kilicho muhimu ni maneno “hali imebadilika”. Kupoteza ajira ni mabadiliko. Mtoto kuanza shule, kugundulika ana sikoseli, mzazi kuhama mkoa, yote yanahesabika. Kumkasirikia mtalaka wako kwa sababu ameoa tena hakuhesabiki, ingawa mtoto mpya aliyezaliwa huko anaingia kwenye hesabu, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka wajibu wa mzazi kwa watoto wake wengine uangaliwe wakati wa kupanga matunzo.

Mali ni habari nyingine. Mgawanyo wa nyumba na viwanja ukishaamuliwa, njia yake ni rufaa ndani ya muda. Ukienda ustawi wa jamii na malalamiko ya kiwanja, afisa atakusikiliza kwa adabu halafu atakurudisha ulikotoka.

Usichanganye milango

Watu wengi wanaotaka kubadili matunzo hupotezea wiki kadhaa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, iwe la kata au la taasisi ya dini, kwa sababu jina lina neno “usuluhishi”. Baraza lile kazi yake ni kabla ya talaka. Sheria inataka mgogoro upite pale kwanza, na likishindwa kupatanisha linatoa hati, ile maarufu Fomu Na. 3, ndipo shauri la talaka lifunguliwe. Baraza halitoi talaka, halipangi matunzo, haligawi mali. Ndoa ikishavunjwa, halina cha kukufanyia zaidi ya ushauri.

Ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo yenye uzito kwa mtoto. Sheria ya Mtoto inampa afisa uwezo wa kumwita mtu aliyelalamikiwa, kujadiliana naye na kufanya uamuzi kwa maslahi ya mtoto. Aliyeitwa akikaidi, afisa anaweza kulipeleka suala mahakamani. Na unaenda ofisi ya wilaya anakoishi mtoto, hata kama wewe unaishi mkoa mwingine, kwa sababu gharama za maisha zinazoangaliwa ni za mahali mtoto alipo.

Nini kinatokea ndani

Unafika na malalamiko, afisa anayaandika kwenye daftari, anafungua faili na kukupa barua ya wito. Mara nyingi barua hiyo unaipeleka mwenyewe kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji anakoishi mwenzako, naye ndiye anayemkabidhi. Usimkabidhi mtalaka wako barua kwa mkono wako. Mtagombana mlangoni, kisha atasema hajaiona. Mwombe mtendaji asaini nakala yako na kuweka tarehe. Nakala hiyo ndiyo ushahidi kwamba aliitwa.

Kikao cha kwanza afisa mzuri huwasikiliza mmoja mmoja, halafu pamoja. Mtoto mwenye umri wa kujieleza husikilizwa peke yake, wazazi wakiwa nje. Kama ulezi wenyewe ndio unaogombewa, panaongezwa ziara ya nyumbani: anaangalia mtoto analala wapi, na nani, shule iko umbali gani, nani anampokea akirudi. Kwa mgogoro wa fedha peke yake, wazazi wote wakifika na vielelezo, vikao viwili au vitatu vinatosha. Mgogoro wa ulezi huchukua muda zaidi, na ni halali uchukue.

Kasoro za kawaida za huduma zinajulikana. Chumba kimoja kina meza mbili, na familia nyingine inasikia mambo yenu. Maafisa ni wachache kuliko mafaili, kwa hiyo kikao cha saa tatu huanza saa sita. Afisa akihamishwa, mrithi wake anaanza upya na faili asilolijua. Dawa ya yote hayo ni moja: uwe na faili lako mwenyewe nyumbani, lenye nakala ya kila karatasi, na kila mwisho wa kikao uombe kuandikiwa mlichofikia, hata kama ni nusu ukurasa.

Na usije na ukoo. Mama mkwe, mke mpya, kaka mkubwa mwenye sauti, wote hao wabaki kwenye benchi la nje. Kikao cha watu wawili na afisa huisha. Kikao cha watu saba hugeuka kesi ya mahari.

Vielelezo: hapa ndipo watu huanguka

Anayekuja na mkono mtupu na kusema “maisha yamepanda” hurudi na ongezeko la elfu kumi. Anayekuja na karatasi ya hesabu hutoka na anachostahili. Beba nakala ya hukumu na ya tuzo (hati ya amri inayotokana na hukumu), cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya shule inayoonyesha michango, kadi ya kliniki kama kuna ugonjwa, risiti za miezi mitatu ya mwisho, na taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha matunzo yaliyotumwa au yasiyotumwa. Anayeomba kupunguziwa alete barua ya kuachishwa kazi au salary slip, na kama ni mfanyabiashara, daftari la mauzo na karatasi za kodi ya mapato. Neno “biashara imekufa” bila karatasi haliaminiwi, na ni sawa lisiaminiwe.

Sheria yetu haina asilimia maalumu ya mshahara. Inataja mambo ya kuangalia: kipato na mali za wazazi wote wawili, kupungua kwa uwezo wa kuzalisha kipato, wajibu kwa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Zamani tulikuwa na aibu ya wazi zaidi: sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwa na ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ulidumu kwenye vitabu hadi Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipouondoa. Leo namba inategemea kile mtakachokithibitisha mezani, kwa hiyo hesabu ifanyike vizuri.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la tano jijini. Chakula shilingi 3,000 kwa siku ni 90,000 kwa mwezi. Kodi ya chumba na sebule ni 120,000 na nyumbani wako watu watatu, fungu lake 40,000. Gari la shule 40,000. Tuisheni 20,000. Sabuni, mafuta, kunyoa au kusuka 15,000. Matibabu madogo 10,000. Jumla 215,000. Halafu kuna gharama za mwaka: sare, viatu, begi na madaftari 150,000, michango ya shule 60,000. Hiyo ni 210,000, ukiigawa kwa miezi 12 ni 17,500. Mtoto huyu anagharimu 232,500 kwa mwezi.

Sasa vipato. Baba anapata 900,000, mama 450,000. Uwiano ni mbili kwa moja, kwa hiyo fungu la baba ni 155,000 na la mama 77,500. Fungu la mama halipiti mkononi mwa mtu. Tayari liko kwenye kodi na sufuria. Linapaswa kuandikwa hata hivyo, kwa sababu bila hivyo baba ataona anamlea mtoto peke yake, na kikao kijacho kitaanzia hapo.

Hapa nina ushauri ambao maafisa wengi hawautoi: gharama za Januari zitenganishwe. Mkizitandaza kwenye miezi 12, zile 17,500 huliwa na ugali, na shule zikifunguliwa hakuna kitu. Bora baba atoe thuluthi mbili za 215,000, yaani kama 143,000 kila mwezi, na thuluthi mbili za 210,000, yaani 140,000, ifikapo tarehe 28 Desemba. Namba kwa mwaka ni ile ile, ila ugomvi wa Januari unakwisha.

“Akifika miaka saba ni wa baba”

Kauli hii utaisikia kwenye benchi la kila ofisi ya ustawi nchini, na haimo kwenye sheria. Sheria ya Ndoa inasema kuna dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi. Haisemi kwamba siku ya kutimiza miaka saba mtoto anapakiwa kwenye basi la kwenda kwa baba. Sheria hiyo hiyo inaonya juu ya kuyumbisha maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Sheria ya Mtoto inaongeza mambo mengine: umri na jinsia ya mtoto, maoni yake akiyatoa kwa uhuru, uzuri wa ndugu kukaa pamoja, na haja ya malezi yasiyokatikakatika.

Kwa baba anayetaka kubadili ulezi, maana yake ni kwamba hoja ya umri peke yake haitoshi. Aeleze nani atakuwa nyumbani mtoto akirudi shule saa kumi, atasoma wapi, dada yake atabaki wapi. Kwa mama anayepinga, kusema “mimi ndiye niliyemzaa” nako hakutoshi kama mtoto anaishi kwa bibi Tanga na yeye yuko Muscat anafanya kazi. Hali hiyo ni ya familia nyingi za pwani siku hizi, na usuluhishi unaifaa kuliko kesi, maana unaweza kukubali jambo ambalo amri fupi ya mahakama haiandiki: mtoto abaki kwa bibi hadi amalize darasa la saba, baba alipe moja kwa moja kwa bibi, mama atume sehemu yake na aongee na mtoto kwa simu siku zilizotajwa, na pasipoti ya mtoto ishikwe na mtu aliyetajwa kwa jina.

Ratiba ya kumuona mtoto

Fedha huwa na kelele nyingi, ila makubaliano mengi huvunjikia kwenye ratiba. Ichukue sentensi hii, ambayo ipo karibu neno kwa neno kwenye makubaliano mengi ya ustawi: “Baba atatoa matunzo kadiri ya uwezo wake na atamuona mtoto muda wowote kwa maelewano.”

Ni sentensi ya kistaarabu na haina thamani. “Kadiri ya uwezo wake” haiwezi kukaziwa, kwa sababu hakimu hajui akaze shilingi ngapi. “Muda wowote” kwa watu wanaoelewana ni kila siku. Kwa watu walioachana kwa ugomvi ni kamwe. Na “kwa maelewano” humpa anayekaa na mtoto kura ya turufu. Linganisha na hii:

“Baba atamchukua mtoto Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi saa 3 asubuhi nyumbani kwa bibi mzaa mama, na kumrudisha hapo hapo Jumapili saa 11 jioni. Atakayechelewa zaidi ya saa moja bila kupiga simu, zamu hiyo imepotea na haifidiwi. Likizo ya Juni mtoto atakaa kwa baba wiki mbili za kwanza. Likizo ya Desemba watagawana nusu kwa nusu. Mwaka wa tarakimu shufwa Krismasi ni ya mama, mwaka witiri ni ya baba.”

Waislamu waandike Idi zote mbili, na waandike siku ya Idi itahesabiwa kwa kufuata tangazo la mwandamo wa mwezi la nani, kwa sababu kuna miaka majirani wawili huswali Idi siku mbili tofauti. Mzazi aliyehamia mkoa mwingine aache kung’ang’ania mwisho wa wiki asioweza kuufika. Achukue likizo ndefu zaidi, na karatasi iseme nani analipa nauli ya basi kwenda na nani ya kurudi, na mtoto wa umri gani anaweza kusafiri na kondakta peke yake. Jibu la swali hilo la mwisho, kwa maoni yetu, ni kwamba hasafiri na kondakta peke yake hata kidogo.

Jambo jingine la kuandika waziwazi: matunzo na kumuona mtoto ni vitu viwili. Baba asiyelipa hazuiwi kumuona mtoto kwa uamuzi wa mama, na baba aliyezuiwa kumuona mtoto haachi kulipa kwa uamuzi wake. Kila mmoja ana njia yake ya kulalamika. Maafisa wazuri hulisema hili kwa sauti kikao cha kwanza, na huokoa vikao viwili.

Malimbikizo

Amri ya zamani inaendelea kudai hadi siku inapobadilishwa. Baba aliyefukuzwa kazi Machi, akanyamaza, akaja ustawi Oktoba, ana miezi saba ya deni, hata kama leo mtakubaliana kiwango kipungue. Usiache deni hilo lielee. Likiwa laki moja kwa mwezi ni 700,000. Lipangiwe 50,000 juu ya matunzo ya kawaida kwa miezi 14, na tarehe ya mwisho iandikwe. Kama mama anasamehe sehemu, kiasi kinachosamehewa kitajwe kwa tarakimu na kwa maneno. “Tumeyamaliza ya nyuma” ni usemi wa msibani, haufai kwenye hati.

Malipo yapite kwenye simu au benki, na ujumbe utaje jina la mtoto na mwezi. Fedha taslimu, magunia ya mchele na nguo za sikukuu ni vizuri, lakini amueni mapema kama vinahesabiwa ndani ya matunzo au ni zawadi. Baadhi ya ofisi bado hupokea matunzo na kuyaandika kwenye daftari lao. Hilo lina faida kwa wasioaminiana kabisa, ila linampotezea mama siku nzima ya kazi kwenda kuchukua pesa ambayo simu ingeileta kwa sekunde.

Baada ya muhuri, rudi mahakamani

Sasa mmekubaliana, mmesaini, afisa amegonga muhuri. Hapa ndipo huduma huishia na hapa ndipo watu wengi huenda nyumbani. Kama tangu mwanzo hapakuwa na amri ya mahakama, yaani makubaliano ya awali yalikuwa ya ustawi tu, karatasi mpya inachukua nafasi ya zamani na mnaweza kuishi nayo; ikivunjwa, mzazi, mlezi, ndugu au afisa ustawi mwenyewe anaweza kuomba amri ya matunzo Mahakama ya Watoto, na karatasi hiyo itakuwa kielelezo.

Lakini kama kuna hukumu ya talaka yenye amri ya ulezi au matunzo, rudini kwenye mahakama iliyoitoa. Kwa wengi ni mahakama ya mwanzo, ambako kila kitu ni kwa Kiswahili. Nendeni masijala na namba ya shauri la awali, mweleze karani kwamba mnaomba amri ya matunzo au ulezi ibadilishwe kwa makubaliano. Ambatisheni nakala ya hukumu, makubaliano yaliyosainiwa na taarifa ya afisa ustawi. Ada ikitajwa hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Siku ya kutajwa mfike wote wawili. Hakimu atawauliza kama mmesaini kwa hiari, atapima kama mtoto anafaidika, na akiridhika atarekodi. Halazimiki kuridhika. Makubaliano ya kumsamehe baba matunzo yote ili aache kuja kumuona mtoto, kwa mfano, yasitarajiwe kupita, kwa kuwa matunzo ni haki ya mtoto, na mama hawezi kuiuza.

Yanayokwamisha hatua hii ni madogo madogo. Jina la mtoto kwenye makubaliano halifanani na la kwenye cheti. Makubaliano hayataji namba ya shauri wala amri inayobadilishwa, kwa hiyo yanasomeka kama kitu kipya. Hakuna tarehe ya kuanza. Mmoja amesaini kwa dole gumba bila shahidi aliyemsomea. Angalieni manne hayo mkiwa bado kwenye ofisi ya afisa, maana kurekebisha hapo ni dakika tano na kurekebisha baadaye ni wito mpya.

Ukishapata amri mpya, omba nakala iliyothibitishwa. Moja kwako, moja kwa mwenzako, moja irudi kwenye faili la ustawi, na kama ulezi au ratiba imebadilika, moja kwa mwalimu mkuu, ili siku mtu akija kumchukua mtoto saa nne asubuhi shule ijue inasoma nini.

Nani asitumie huduma hii

Kama kuna kipigo, vitisho au tuhuma za mtoto kuguswa vibaya, usikubali kukalishwa meza moja. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Usuluhishi unahitaji watu wawili wanaoweza kusema hapana bila kuogopa safari ya kurudi nyumbani. Kama baba anakana mtoto si wake, nako kikao cha matunzo kisubiri: kipimo cha DNA hufanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi ya mahakama, wakili au ustawi wa jamii, na mtu akienda mwenyewe na mtoto mkononi hahudumiwi.

Njia nyingine zikoje

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichopo Temeke, kilichoanza kazi 2021, kinapunguza lile pengo nililolilalamikia: ngazi za mahakama ziko jengo moja pamoja na wadau kama ustawi wa jamii, kwa hiyo safari kutoka kwenye makubaliano hadi amri ni fupi. Foleni ipo, ila unahangaika sehemu moja.

Wakili au msuluhishi binafsi anafaa pale kuna mishahara mikubwa, shule za ada kubwa au mzazi aliye nje ya nchi. Utalipa, na mahakamani utarudi vile vile. Mwenye kipato kidogo awatafute wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wao hawasuluhishi kwa niaba yako, ila watakuandikia maombi yasiyorudishwa na karani.

Kenya wamefunga pengo hili kwa namna nyingine. Usuluhishi ulioambatanishwa na mahakama, ulioanza Aprili 2016 Milimani, Nairobi, huchukua shauri lililokwisha kufunguliwa, naibu msajili analichuja, msuluhishi aliyeidhinishwa anateuliwa, na makubaliano yanarudi kwenye faili lile lile na kuwa amri. Mzazi hahitaji kuambiwa arudi mahakamani, kwa kuwa hakutoka. Anayelazimika kutafuta njia kati ya Arusha na Nairobi, mtoto akiwa upande wa Kenya, aanzie huko.

Zanzibar hesabu ni tofauti, kuna Mahakama ya Kadhi na sheria yake ya mtoto ya 2011, kwa hiyo usichukue vifungu vilivyotajwa hapa ukaenda navyo mahakamani Mwanakwerekwe, Unguja.

Kabla hujatoka ofisini, mwombe afisa aongeze mstari mmoja mwishoni mwa makubaliano: kwamba kiwango kitaangaliwa upya kila baada ya miaka miwili mwezi Novemba, au mapema zaidi mtoto akibadili shule, na kwamba matunzo yataendelea hadi mtoto afike miaka 18, na baadaye kama bado yuko masomoni mahakama inaweza kuombwa kuyaendeleza. Novemba kwa sababu Desemba watu wana sikukuu na Januari wana ada.